Mahari Aliyoikataa Bibi Ismay

Mwaka 2011 mwanangu Tumsifu aliniambia amepata mchumba. Msichana anaitwa Yonette, ni muuguzi, amelelewa na bibi yake kwenye jengo moja refu la ghorofa huko Etobicoke, hapa hapa Toronto, Kanada. Asili yao ni Leguan, kisiwa kilichoko mdomoni mwa mto Essequibo, nchini Guyana, Amerika ya Kusini. Mimi niliishia darasa la saba na kazi yangu ni kupaka rangi nyumba za watu. Kisiwa hicho sikuwahi kukisikia. Nikadhani kuposa ni kuposa, popote ulipo.

Tulikwenda watatu: mimi, mke wangu Adelina, na mdogo wangu Gelasius kutoka Mississauga, awe mshenga. Bibi Ismay alitukaribisha vizuri, akabandika chai. Gelasius akakohoa, akasema, "Mama, tumeona ua kwenye bustani yako. Tutajie mahari, tuko tayari kulipa."

"Kulipia nini?"

"Yonette."

Bibi Ismay akazima jiko. Akaenda kufungua mlango, akasimama ameushika mpaka tukamaliza kuvaa viatu.

Kesho yake Yonette alimwambia Tumsifu kwamba bila baraka za bibi yake haolewi. Kijana akaja kwetu Parkdale, akakaa jikoni, chakula hakugusa.

"Baba Tumsifu," Adelina akaniuliza, "mlikwenda kuposa au kununua ng'ombe?"

"Gelasius ndiye aliyesema."

"Na wewe ukatikisa kichwa. Nilikuona."

Gelasius alinishauri ningoje Bibi Ismay apoe kwanza. Sikungoja. Kwetu Machame, Kilimanjaro, ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na aliyeletewa hawezi kukunyima msamaha. Mmea huo Toronto unauzwa kwenye vyungu, pambo la sebuleni. Nikanunua chungu kizima, nikapanda basi nacho.

Bibi Ismay alifungua mlango kwa upana wa mnyororo tu. "Umeniletea mboga?"

"Nimekuja kuomba radhi. Kwetu anayeletewa jani hili hakatai."

"Mimi si wa kwenu."

"Basi nitasimama hapa."

Nikasimama. Majirani walipita na mifuko yao, wakanisalimia, wakarudi wakanisalimia tena. Mwishowe nikasikia mnyororo unaanguka.

Hakunipa kiti. "Unajua kile kisiwa kilijengwa na nani?" akauliza.

"Sijui."

"Kilikuwa tope. Mto unapanda na bahari, unakifunika. Waholanzi wakaleta watu kutoka kwenu Afrika, watu walionunuliwa, wakawachimbisha mitaro na kuinua tuta la udongo kukizunguka. Kwa mikono. Waingereza wakakichukua, tuta likabaki kazi ya watu wale wale. Utumwa ulipokwisha wakaletwa Wahindi kwa mikataba, wakalala kwenye vibanda vile vile. Leo Mwafrika na Mhindi wanalima mpunga pamoja, na mto ukibomoa tuta wanatoka wote na makoleo. Hao ndio sisi."

Nikaweka chungu sakafuni.

"Bibi yake mama yangu alikuwa na bei," akasema. "Watu waliijua, kama bei ya nyumbu wa mizigo. Alipopata uhuru alisema hakuna binti wa nyumba yake atakayetajiwa bei tena. Ukaja wewe na ndugu yako na suti zenu."

"Kwetu mahari ni heshima, Mama. Lakini nimekusikia. Sitaitaja tena. Niambie kwenu mwanamume anafanya nini."

Akanitazama miguuni. "Goti lako limefanya nini?"

"Nilianguka kwenye ngazi, kazini."

"Pole. Kwetu bibi harusi anafichwa, na upande wa mume unamtafuta. Msipompata, mnarudi kwenu."

Kule kisiwani mchezo huo hufanywa usiku, kwa ngoma na nyimbo. Msimamizi wa jengo alishakataza kelele, kwa hiyo Jumamosi tuliyopangiwa tulianza mchana. Watu wa Leguan walikuwa wamejaa jengo zima, na kila mlango nilioubisha walinidanganya kwa furaha. Huyu kasema yuko juu, yule kasema ameshasafiri. Lifti Bibi Ismay alitukataza. Gelasius aliishia ghorofa ya tisa, akaketi kwenye ngazi. "Kaka, wanatucheka hawa."

"Wacha wacheke. Ninamwoza mwanangu."

Nilipanda mpaka juu, nikashuka tena mlango kwa mlango, nimeshika ukuta. Mwisho nikafika chini kabisa, kwenye chumba cha kufulia. Mama mmoja wa Kihindi alikuwa amesimama mbele ya mashuka yaliyoanikwa kwenye kamba.

"Hapa kuna nguo tu, baba."

"Zimekauka?"

"Bado."

"Nitangoja zikauke." Nikageuza ndoo, nikaketi, nikanyoosha goti.

Yule mama akakunja taulo. Akalikunjua, akalikunja tena. Mimi niko pale pale. Mashine zikamaliza kuzunguka, chumba kikawa kimya, na nyuma ya shuka mtu akashindwa kuzuia kicheko. Yonette akatoka, nywele zimejaa maua ya karatasi.

Tulipanda naye kwa ngazi, kwa sababu lifti bado tulikuwa tumekatazwa. Bibi Ismay alikuwa mlangoni. Isale yangu ilikuwa dirishani, imemwagiliwa.

"Umechoka?" akaniuliza.

"Nimechoka."

"Vizuri." Akanivutia kiti, akaniwekea sahani ya wali wa kunde na nazi, akamwita Tumsifu, aliyekuwa akingoja ndani, aje achukue mkono wa mkewe.