Mgeni Aliyekuja Mweupe

Tangu mama abatizwe, chai ilikwisha nyumbani kwetu. Si kwamba majani yaliisha. Mama aliyafunga kwenye mfuko akampa jirani, akasema kanisa lake jipya halinywi chai wala kahawa, basi. Bibi, yaani mama yake baba, akatoka chumbani na kikombe kitupu.

"Dini gani inagombana na majani?"

"Mama, si ugomvi. Ni amri."

"Amri ya nani? Ya wale vijana wenye tai?"

Kuanzia hapo wakawa wanaongea kupitia kwangu. "Kimya, mwambie mama yako mboga imezidi chumvi." "Kimya, mwambie bibi yako maji ya kuoga yamechemka." Na wote wako chumba kimoja! Kimya ndiye mimi. Wananiita hivyo kwa sababu sauti yangu huishia kooni. Darasani nikiulizwa swali najua jibu, nalisikia kabisa kichwani, halafu mwalimu anamuuliza mwingine. Baba yuko kazini mbali, akipiga simu anaambiwa sote wazima.

Wale vijana ni Wamormoni, wamisionari, wanatembea wawili wawili. Kila mmoja ana kibandiko cheusi kifuani kilichoandikwa Mzee. Bibi alipoambiwa hivyo alicheka mpaka akashika ubavu. "Mzee? Huyu hata ndevu hazijaamua kama zinakuja!" Basi yule aliyetoka nchi za mbali akawa Mzee Mrefu, na mwenzake, ambaye Kiswahili ni chake kama sisi, akawa Mzee Mfupi.

Siku moja mvua iliwakuta kwetu. Mama alikuwa kwenye cherehani, mteja amekuja na noti kubwa kuchukua sketi. Mama akamwambia, "Chenji sina dada, leo niko mweupe kabisa, utanipa kesho." Mteja akaenda zake. Mzee Mrefu akaendelea kutusimulia. Kitabu chao kinasema Yesu alipofufuka alikwenda pia kwa watu wa nchi nyingine, ng'ambo ya bahari. Alishuka amevaa kanzu nyeupe, akawabariki watoto mmoja mmoja, akaahidi kurudi.

Mlango wa bibi ukafunguka.

"Hata kwa watu wetu wa zamani alifika mtu."

Nikajua anaanza ile hadithi. Ile ni yetu sisi wawili. Alinisimulia tangu sijaanza shule, na aliniambia nikiweza kuisimulia mbele ya watu itakuwa yangu, yeye atapumzika. Mimi mbele ya watu? Lakini naijua neno kwa neno.

Akasimulia. Nyumba mbili ziligombana mpaka zikaacha kuchotea kisima kimoja. Akaja mgeni. "Alikuja mweupe," bibi akasema, akafungua viganja vyake viwili kama anavyofanya siku zote. Wakamuuliza, umetuletea nini? Akasema, sijaleta, nimekuja kuchukua. Akakaa chini, akaita watoto, akawauliza mmoja mmoja kwao wanagombania nini. Kila alichoambiwa akakipokea mikononi kama mzigo. Akaondoka ameinama, akasema atarudi kuchukua mzigo mwingine.

Mzee Mrefu alikuwa amesimama wima, macho yamejaa machozi.

"Mweupe! Alikuja mweupe! Na watoto, mmoja mmoja! Na atarudi! Bibi, huyu ni Yeye!"

"Ndiye nani?" bibi akauliza.

"Kanzu nyeupe!"

Nilitaka kusema hapana. Si kanzu. Mweupe, mikono mitupu, hana fimbo, hana mfuko, hana zawadi. Kama angekuja na kitu angebebaje ugomvi wa watu? Hapo ndipo hadithi ilipo! Halafu kilichoniuma zaidi, nikaona kabisa kwamba mikono hiyo inafanana na Yesu wao kuliko hiyo kanzu. Kubeba mizigo ya wengine, si ndicho wanachohubiri kila siku? Kitu chenyewe kiko mbele yao, wao wanaangalia nguo.

Nikafungua mdomo. Mama akadakia, "Jamani, Mama, kumbe siku zote tuko kitu kimoja!" Ilikuwa mara ya kwanza anaongea na bibi bila kunituma. Nikafunga mdomo.

Mambo yakaenda mbio. Ikaamuliwa watoto wa kanisani waigize hadithi ya bibi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mama akajitolea kushona kanzu. Na Jumapili kabla yake mimi, mjukuu, nisimame nielezee hadithi yenyewe.

Nilimvizia Mzee Mfupi kwenye ngazi za kanisa, maana wamepanga ukumbi juu ya duka la rangi.

"Wewe unajua mweupe maana yake nini," nikamwambia.

Akaangalia viatu vyake. "Najua."

"Sasa mbona hukumwambia mwenzako?"

"Nilimwambia. Akasema inaweza kuwa na maana zote mbili." Akakuna shingo. "Na kweli inaweza, Kimya. Umemwona alivyofurahi? Usimvunje moyo."

Kwa hiyo moyo wangu ndio wa kuvunjwa! Nikaona iko wazi. Watoto wakiigiza na kanzu, wataijua hivyo, watoto wao hivyo, na bibi hatakuwepo kuwasahihisha. Iliyobaki ni Jumapili tu.

Jumapili bibi alikuja. Alivaa viatu vya ngozi ambavyo huwa haviji hata msibani, akakaa mstari wa tatu pembeni ya mama. Kwanza kiongozi akatangaza walimu wapya wa watoto, akasema wanaowaunga mkono waonyeshe, watu wote wakanyanyua mkono wa kulia juu. Ndivyo wanavyofanya kule. Kisha akaniita.

Nikashika meza. "Mgeni," nikasema. "Alikuja mweupe." Mzee Mrefu akaitikia kwa kichwa, amefurahi. "Mweupe maana yake..." Basi. Sauti ikakwama. Watu wanakohoa, mtoto analia, kiongozi ananiangalia kwa huruma, na huruma ndiyo naichukia kuliko vyote. Nikafanya kitu pekee nilichoweza. Nikanyanyua mikono yangu miwili, viganja wazi, mitupu, waione.

Baba mmoja wa mbele akanyanyua mkono wake wa kulia. Mwingine akamfuata. Ukumbi mzima ukanyanyua mkono. Wananiunga mkono! Jamani, hawajui hata wanaunga mkono kitu gani! Mzee Mrefu kanyanyua wa kwake juu kabisa. Bibi peke yake alicheka, kicheko chake kile cha ubavu, mama akawa anamfinya.

"Amina," kiongozi akasema. Nikakaa.

Nyumbani mama akarudi kwenye cherehani, anamalizia mifuko ya kanzu. "Umefanya vizuri, Kimya, watu wameguswa."

Nikalipuka. Sijui sauti ilitoka wapi. "Wameguswa na nini? Mweupe, mama! Mweupe kama wewe unapomwambia mteja huna chenji! Hakuwa na kanzu! Hakuwa na kitu! Alikuja mikono mitupu abebe ugomvi wao, na nyinyi mnamshonea mifuko!"

Cherehani ikanyamaza. Mama akamgeukia bibi.

"Kweli, Mama?"

"Ulidhani miaka yote nasimulia habari za nguo?" bibi akasema. "Fundi ni fundi tu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeanza tena kuongea na mimi. Ningekukatiza?"

Mama akainuka. Akatoka nje kwa jirani, akarudi na mfuko wa majani, akabandika maji. Alipomletea bibi kikombe alikibeba kwa mikono miwili.

"Mimi sinywi," akasema.

"Nani kakwambia unywe?"

Jumamosi igizo lilifanyika vilevile. Nilimweleza Mzee Mrefu, safari hii kwa maneno, akasikiliza, akasema vizuri sana, halafu mgeni akatokea na kanzu nyeupe na watu wakalia pale pale walipopanga kulia. Nilikaa nyuma nimenuna. Yule mvulana aliyekuwa mgeni alipofika katikati, watu wanamtazama, akaona haya. Akapeleka mikono ubavuni aifiche mifukoni. Akapapasa kushoto, akapapasa kulia. Mama alikuwa ameifumua yote miwili.

Ikabidi asimame hivyo hivyo, mikono wazi, hajui aiweke wapi.