Kopo Lisilopungua

Kopo la kahawa la marehemu mama lilikuwa halipungui, na mimi si mtu wa kuliacha jambo kama hilo lipite.

Kila asubuhi, kabla sijaenda kwenye cherehani yangu, nilipitia kwa baba. Mimi nachota punje kwenye kopo, yeye anazisaga kwa kisagio cha mkono, nachemsha, tunakunywa. Baba ni fundi saa aliyestaafu, hana maneno mengi, kwa hiyo kazi ya kuongea ilikuwa yangu. Nachota leo, nachota kesho, wiki zinakwenda, na kopo limejaa vile vile.

Lisingekuwa na maana kama si ile ahadi. Siku ya kikao cha familia baada ya mazishi, kaka yangu alisimama mbele ya wajomba na mashangazi, akatoa hotuba. Alisema baba hawezi kuishi peke yake, chumba kipo kwake, aje hata kesho. Watu walimsifu mpaka akatoa leso. Baba akatazama kopo lililokuwa kwenye rafu.

"Kahawa ile aliikaanga mama yenu kabla hajalazwa hospitali," alisema. "Nikiimaliza, nitakuja."

Nani ambishie mgane siku kama ile? Tukakubali. Haukupita muda akateleza bafuni, na nilipofika asubuhi nilimkuta chini sakafuni, ameegemea beseni, anatetemeka kwa baridi. Alikuwa hapo tangu usiku. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nafungua mlango wake roho mkononi. Nilitaka kahawa iishe ahamie kwa kaka, kwenye watu, nami nilale usingizi.

Na kopo likagoma kuisha.

Mama alikuwa na sheria zake kuhusu kahawa, na alizisimamia kuliko sala. Kopo ni la bati, la kifuniko kinachobana, lisilopitisha mwanga. Linakaa mbali na jiko, mbali na dirisha, na ole wako uliweke karibu na vitunguu. Kijiko chenye maji hakiingii. Kwenye friji ndiyo usiseme kabisa. Na kahawa iliyotoka kukaangwa haifungwi siku hiyo hiyo. Inatandazwa kwenye ungo, inafunikwa kitambaa, inalala mpaka asubuhi. "Bado ina pumzi hiyo," alikuwa akisema. "Ukiifunga saa hizi, itakurushia kifuniko usoni." Niliwahi kuifunga siku hiyo hiyo, nilipokuwa mdogo. Nilionja mwiko wake mgongoni.

Sasa, Jumatatu moja nilishika kile kifuniko, hata sijakaza mkono, kikaruka chenyewe. Pu! Nikabaki nimekodoa macho. Mama alikuwa kaburini tangu kabla ya mvua, na kahawa yake bado inapumua?

Nikamimina punje kiganjani. Zote rangi moja, zinang'aa, safi. Mama alikuwa anakaanga kwenye kikaango kilichobonyea upande, hivyo kila mara nyingine ziliungua na nyingine zikabaki na weupe. Hizi zilikuwa za mashine. Zilinukia vizuri sana, na harufu ile nzuri ndiyo iliyonikasirisha zaidi.

Mtu wa kwanza kumshuku alikuwa baba mwenyewe. Nikasema moyoni, mzee huyu ananichezea, hataki kuhama. Nilifagia chumba chake siku ambayo hakikuwa na vumbi, nikainama mpaka chini ya kitanda. Nilifungua droo zake za saa. Nilikuta springi na vioo, kahawa hakuna.

"Baba, jana ulitoka?"

"Nitoke niende wapi na goti hili?"

Nikamhamia jirani wa mlango wa pili, ambaye tangu msiba uishe alikuwa anapiga hodi kuomba chumvi kana kwamba nyumbani kwake wanaioga. Huyo nilimchunguza vizuri. Lakini hakuvuka hata siku moja kizingiti cha jikoni, maana baba alikuwa anampa chumvi mlangoni na kufunga.

Basi nikatumia ujuzi wangu. Nilichukua kifungo cha koti, cha rangi ya kahawa iliyokaangwa, nikakilaza juu ya punje. Kila asubuhi nilikitoa, nikachota, nikakirudisha juu. Jumanne kipo. Jumatano kipo. Wiki nzima kilikaa pale pale, na kopo sasa likawa linapungua kama kopo la watu wengine. Jumapili asubuhi kilikuwa juu. Jumatatu kopo limejaa, kifungo hakionekani, na nikakipata baada ya kuzamisha vidole mpaka kwenye vifundo.

Jumapili ni siku ambayo kaka na mke wake wanakuja kula chakula cha mchana.

Sikuhitaji kufikiri. Wifi! Mimi na yeye hatukuwahi kuiva chungu kimoja. Nikajiambia, ndiyo maana anachekacheka kila akija, kumbe hamtaki mzee nyumbani kwake. Hasira zilinipanda mpaka nikashona suruali ya mteja miguu miwili ya kushoto.

Jumapili iliyofuata nilimganda kama kupe. Akiinuka, nami nainuka. Akienda kuchukua maji, nayachukua mimi. Alipokwenda msalani nilisimama nje ya mlango nikijifanya napanga viatu.

"Wifi, leo kuna nini?" aliniuliza. "Umenipenda ghafla."

"Nimekukumbuka tu."

Hakukanyaga jikoni hata kwa kidole. Kaka ndiye aliyeinuka baada ya kula, akasema anakwenda kunawa mikono. Alipotoka, mfuko wa koti lake ulikuwa umetuna. Aliporudi ulikuwa umelala, na mikono yake ilikuwa mikavu.

Nilikwenda jikoni. Kopo limejaa. Kifungo kimezama.

Niseme ukweli, niliumia kuliko nilivyokasirika. Yule yule wa hotuba. Yule wa leso. Nilibeba kopo mpaka sebuleni nikalitua mezani katikati ya sahani, na kifungo kikiwa kiganjani.

"Nataka kujua ni nani anayelijaza kopo hili."

Wifi alinitazama, kisha akalitazama kopo. "Kulijaza? Kumbe ndiyo maana haliishi? Mimi chumba cha baba nimekipaka rangi kwa mikono yangu, godoro limefika. Hata pazia nilitaka nikuombe wewe unishonee." Macho yake hayakuficha kitu. Nilitamani sakafu inimeze pamoja na viatu nilivyokuwa napanga.

Kaka alikuwa anatazama zulia.

Nikafungua mdomo. Jina lake lilikuwa tayari kwenye ulimi. Baba akaweka kikombe chini.

"Usiwasumbue wenzako," alisema. "Ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayechota kila asubuhi. Nimejua siku nyingi kwamba hii si ya mama yenu. Nikasema, binti yangu hataki niende mbali naye. Nikanyamaza nikawa nakunywa." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Nilifurahi, mwanangu."

Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu vijiko ili mzee aondoke, na yeye alikuwa ananywa kila kikombe akidhani nimemzuia. Nikisema si mimi, atauliza ni nani. Na mwenye jibu alikuwa amekaa mkono wake wa kulia, amekula chakula chake, anasubiri.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ni mimi."

Wifi alitokwa na machozi, akanikumbatia, akasema kumbe wifi una roho. Kaka akashusha pumzi mpaka mabega yakashuka. "Basi kama dada hataki aondoke, sisi tutafanyaje," alisema haraka haraka. Nusura nimvishe lile kopo kichwani.

Kusema ni rahisi, kuyaishi uliyosema ndiyo kazi. Ndani ya wiki hiyo nilihamisha cherehani na mafurushi yangu ya vitambaa kwenye chumba ambacho mama alikuwa anapigia pasi. Nilitandika mkeka wa mpira bafuni na kufunga chuma cha kushikilia ukutani. Kahawa ya mashine niliimwaga yote. Nilinunua punje mbichi, nikakaanga kwenye kikaango kilichobonyea, nyingine zikaungua, nyingine zikabaki na weupe. Nikazitandaza kwenye ungo, nikafunika kitambaa, zikalala.

Jumapili kaka alikwenda kunawa mikono. Alilikuta kopo limejaa hadi mdomoni. Alirudi na mfuko wake umetuna vile vile, akakaa, na siku hiyo hakutoa hotuba.

Kesho yake asubuhi nilifungua kopo mbele ya baba. Kifuniko hakikuruka.

"Leo kimetulia," alisema.

"Niliilaza kwanza."

"Najua. Wewe huwezi kuifunga kahawa yenye pumzi, mwiko wa mama yako ulikufundisha." Alimimina punje kwenye kisagio. "Kaka yako hakuwa anaingia jikoni mama yenu akikaanga, sheria hiyo haijui."

Kijiko kilinibaki hewani. "Baba. Kwa hiyo ulijua ni yeye?"

"Tangu kifuniko kiliporuka mara ya kwanza."

"Sasa mbona ulinisingizia mimi?"

Alizungusha mpini taratibu, kwa mikono ile iliyozoea saa, hata asinitazame.

"Nilitaka nimsikie mtoto mmoja akisema hataki niende," akasema. "Weka maji motoni."