Samaki wa Mwamvita

Hapo zamani za Waingereza, Kisarawe ilikuwa na mpishi mmoja tu wa kuuza wali na samaki, Bi Mwanne. Kisha Mwamvita, mwanamke aliyeachwa na mume, akafungua hoteli karibu na boma. Bi Mwanne akaenda kuonja.

"Shikamoo, mama. Karibu sana," alisema Mwamvita kwa furaha.

"Marahaba."

Wateja waliacha kula, wakasubiri hukumu. Bi Mwanne alimega samaki wa kupaka, akatia kinywani. Nazi na ndimu zilikuwa zimekolea mpaka mfupani. Yeye mwenyewe hakuwahi kupika samaki mtamu namna ile, na kwa kulijua hilo moyo ukamchoma. Akatema kiganjani.

"Mwanangu, huyu kaoza," alisema kwa sauti ya huruma, kila mtu asikie. "Pwani ni mbali."

"Mama, wameletwa na lori alfajiri hii! Onja tena!"

"Nionje tena nife?"

Mteja mmoja akasukuma sahani. Wengine wakafuata, hata waliokuwa wakiramba vidole.

Mwamvita akamshika mguu. "Waambie kweli, mama, nakuomba."

Bi Mwanne akauchomoa mguu wake, akaenda kwake kuwapakulia watu.

Mwezi haukuisha, hoteli ikafungwa. Bi Mwanne akamwita Mwamvita aje kumpikia jikoni, naye, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, akakubali. Samaki wake walisifiwa Kisarawe nzima, na aliyeitikia sifa hizo mbele ya wateja ni Bi Mwanne.