Kuoanishwa kwa Lengo la Ugbad

Chai ya saa nne ilikuwa imeshamiminwa, na Daktari Ugbad alikuwa akifuta meza ya maabara kwa spiriti, pale dereva Abdinoor alipoingia kuuliza kama akodi mikeka. Alikuwa amesoma tangazo mlangoni: afisa wa makao makuu anakuja Garissa kuoanisha malengo ya watafiti na malengo ya shirika. Abdinoor alijua kuoanisha ni nini. Ugbad akamwambia viti vya ofisini vitatosha.

Lengo la Ugbad alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na friza, akinywa chai yake. Alikuwa msichana mwembamba mwenye mtandio wa rangi ya udongo. Alimfuata Ugbad kutoka Banissa mwaka ule ngamia wa Arbia, mama yake Ugbad, walipoanza kuvimba shingo na kufa kabla ya adhuhuri. Chuoni walilala kitanda kimoja. Kila mtafiti katika maabara ile ya mifugo alikuwa na binti wa namna hiyo, ila huyu ndiye aliyependwa zaidi, kwa kuwa hakuwa na maneno mengi. Alitaka kitu kimoja tu: kujua ni nini kinachoua ngamia wa Arbia, kabla hajafa yule wa mwisho mwenye maziwa. Walikuwa wamekaribia. Ilibaki safari moja ya Banissa, kuchukua damu ya ngamia angali mgonjwa.

Afisa aliitwa Gacheri, mama mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Lengo lake mwenyewe alikuwa ameolewa zamani. Alimfuata nyuma akimbebea mkoba, macho chini. Lengo la Shirika alishuka kwenye gari la mbele. Alikuwa mwanamume mnene wa makamo, amevaa suti ya kijivu, na joto la Garissa halikumtoa hata tone la jasho. Alikuwa na wake katika kila kituo. Alichotaka ni damu ya mbuzi, nyingi, kila robo ya mwaka. Mbuzi wako sokoni, karibu. Ukiwatoa damu asubuhi, jioni hesabu imepatikana. Hakuwa mtu mbaya, na mbuzi nao huugua. Ngamia tu ndio hakuwa na habari nao.

Walianza na Kinoti, mtafiti wa kupe. Kinoti alikubali haraka, na Lengo lake akaitikia hata swali la ndoa halijaisha, kwani Kinoti alikuwa akisubiri cheo na ana watoto shuleni. Hakuna aliyemlaumu. Kisha ikafika zamu ya Ugbad. Gacheri alimweleza taratibu kwamba mkataba wake unaisha mwezi ule, na kwamba makao makuu hayaongezi mkataba wa mtu ambaye lengo lake bado liko nje ya nyumba ya Shirika.

Abdinoor akainua mkono kutoka mlangoni.

"Madam, huyu msichana iko na wenyewe," alisema. "Hawa watu yake iko Banissa. Hakuna mtu ameuliza wao."

"Tunamuuliza mwenyewe hapa," Gacheri akajibu.

Akamuuliza Lengo mara tatu. Lengo la mtu halina sauti mpaka mwenyewe aseme, kwa hiyo wote wakamgeukia Ugbad. Akiikataa ndoa, angerudi nyumbani na msichana wake bila hadubini, bila friza, bila dawa za kupimia, na wangekaa wawili hao kuwatazama ngamia wakifa. Akiikubali, angalau wangebaki chini ya paa moja. Alitamani mtu mwingine amjibie. Akanyamaza, na Lengo akamtazama, akanyamaza pia. Gacheri akaandika kwamba wote wawili wameridhia, na sambusa zikaletwa.

Bibi harusi alihamia nyumba iliyo nyuma ya ofisi kuu, yenye ua wa mabati na dirisha moja. Kupitia dirisha hilo Ugbad alimwona kila siku akibandika namba kwenye chupa za damu ya mbuzi. Alinenepa, mkono wake ukawa mwepesi. Mkataba uliongezwa. Safari ya Banissa iliombwa na kuahirishwa, ikaombwa tena, mvua ikafunga barabara. Ilimuuma Ugbad vibaya sana. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kwa mbuzi wake.

Barabara ilipokauka, Arbia akaja mwenyewe kwa basi. Alikuwa na chombo chake cha maziwa begani na, ndani ya kitambaa kibichi, chupa ndogo ya damu. Ngamia wa mwisho alikuwa amekufa. Arbia alimtoa damu shingoni angali anapumua, kwa sindano aliyoachiwa na Ugbad, kama alivyofundishwa. Alimsalimia binti yake, akapokea maji, kisha akauliza yuko wapi yule msichana waliyeondoka naye.

Ugbad akamwambia ameolewa.

"Nani alimwozesha?"

"Mimi, hooyo," alimjibu mama yake.

Arbia akainuka. Wakaenda hadi kwenye ua wa mabati. Lengo akatoka, akamshika mama yule mkono, akaubusu kwa adabu zote za nyumbani.

"Ayeeyo," alisema, kama mjukuu kwa bibi yake, "umeleta damu ya mbuzi?"

"Ya ngamia."

Lengo aliipokea ile chupa na kuiinua kwenye mwanga, akaigeuza polepole kama alivyozoea zamani, na Ugbad akasogea karibu. Kisha akairudisha kwa mikono miwili.

"Hii hapa haihesabiwi, ayeeyo."

Arbia alimwombea dua ya afya na watoto wema, kama anavyoombewa bibi harusi yeyote. Ugbad akaichukua damu akaiweka ndani kabisa ya friza, nyuma ya chupa za mbuzi. Alasiri Abdinoor alimpeleka mama stendi kwa gari la maabara, na hakuna aliyemuuliza kuhusu mafuta. Arbia alikaa dirishani, kile chombo cha maziwa kikiwa kitupu mapajani mwake.

Robo ile ikaisha, maabara ikavuka lengo. Kesho yake sokoni kulikuwa na mbuzi wengi, na Ugbad alitoka mapema kwenda kuwatoa damu.