Misumari Kumi na Miwili

Walikwenda kisiwani kupumzika, na siku mbili za mwanzo walipumzika kweli. Walikuwa wametoka kwenye mitihani ya muhula, macho yamewaingia ndani, na kurudi nyumbani kwa likizo fupi hakuwezekani ukisoma ng'ambo. Mpangaji wa safari alikuwa Katibu. Usidhani ni cheo. Jina hilo alipewa na wenzake chuoni kwa sababu kila kitu lazima akipange yeye: nani alale wapi, nani abebe mafuta ya jua, nani anyamaze. Alikuwapo Profesa, mwanafunzi wa sheria mwenye kubishana hata na kioo, na Redio, ambaye jina lake linajieleza. Wa nne alikuwa Kitinda, mdogo wake Katibu wa tumbo moja, miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza wa famasia.

Mama yao alikuwa amekataa katakata Kitinda asiende mbali. Katibu ndiye aliyembembeleza kwa simu wiki tatu, mpaka mama akasalimu amri. "Haya, namweka mikononi mwako. Akipatwa na lolote, wewe ndiwe nitakayekuuliza." Katibu akaitikia upesi, kama mtu anayepokea kikombe cha chai.

Siku ya tatu wakapanda boti kwenda kwenye fungu, ule mchanga mweupe unaojitokeza katikati ya bahari maji yakipwa na kupotea yakijaa. Abiria walikuwa kumi na wawili, wao wanne na watalii wanane. Nahodha, mtu wa maneno machache, alikuwa na utaratibu wake. Kando ya usukani alipigilia ubao wenye misumari kumi na miwili. Mkishuka, kila mtu anavua jaketi lake la kujiokolea analitundika. Mkirudi, kila mtu anachukua moja. Misumari ikibaki mitupu, watu wametimia. Kuhesabu vichwa alishaacha zamani, maana mtalii hatulii: unamhesabu huku, mara yuko kule anapiga picha.

"Saa tisa na nusu tunaondoka," aliwaambia kwa lugha ya kisiwa chake, akaonyesha mchanga chini ya miguu yao. "Saa kumi na moja hapa ni bahari."

Redio akacheka. Nahodha akamtazama mpaka akaacha.

Mchana ulikuwa mtamu, maji vuguvugu, mpaka Kitinda alipomvuta Katibu, dada yake, pembeni.

"Dada, famasia nimeacha."

"Umesemaje?"

"Nimeacha. Mitihani sikufanya. Nataka kurudi nyumbani."

"Na asubuhi zote zile ulizokuwa unaniaga?"

"Nilikuwa nakaa maktaba."

Lo, Katibu alipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Aliona aibu itakayompata mbele ya mama, aliona zile wiki tatu za kubembeleza zimekwenda na maji. Akamtolea mdogo wake maneno ambayo Profesa, mzoefu wa ugomvi, aliinamisha kichwa asiyasikie. Akamalizia, "Hebu niondokee machoni. Sitaki kukuona."

Kitinda alichukua taulo lake akaenda zake mpaka mwisho wa fungu, ambako mchanga uliinuka kidogo kisha ukashuka upande wa pili. Akajilaza huko nyuma, taulo usoni. Usiku uliopita hakupata lepe la usingizi akiwaza atamwambiaje dada yake, basi sasa, mambo yakiwa yameshasemwa, usingizi ukamchukua mzima mzima.

Saa tisa na robo Nahodha akapiga filimbi. Katibu, bado amevimba, alikuwa wa kwanza kupanda. Benchi la mbele lilikuwa limelowa chepechepe. Akavaa jaketi moja, akachukua la pili akalikalia. Jaketi tu, nani angewaza zaidi? Akawapa wote mgongo. Redio na Profesa, waliokaa nyuma, walizuiwa na turubai wasione mbele vizuri, wakadhani ndugu wamekwenda mbele kupatana, wakaona heri wawaachie nafasi. Nahodha akatazama ubao. Mtupu. Akang'oa nanga.

Boti ilipogeuka, Katibu alitupa jicho nyuma mara moja. Kule mwisho wa fungu palikuwa na mtu amesimama, mkono juu. Jua lilikuwa linampiga machoni. Watu wa boti nyingine hao, akajisemea, akageukia mbele. Boti nyingine ilikuwapo kweli asubuhi, lakini ilishaondoka, na yeye mwenyewe aliiona ikipita. Hasira haikumpa nafasi ya kukumbuka.

Walikuwa wamekwenda zaidi ya nusu ya njia Redio alipokuja mbele na vipande vya nanasi.

"Nimemletea Kitinda chake. Yuko wapi?"

"Si yuko nyuma na nyinyi?"

"Kwetu hayupo. Si mmekaa naye huku?"

Katibu akasimama. Nahodha, akiwa usukanini, aliliona lile jaketi benchini, limebonyea katikati. Aliwahesabu abiria kwa kidole, mmoja mmoja, akaishia kumi na mmoja. Kisha akazungusha usukani kwa nguvu hata watalii wakaangukiana.

Kitinda hajui kuogelea. Alikulia bara, maji mengi aliyowahi kuingia ni ya beseni. Katibu alilijua hilo kuliko mtu yeyote botini. Mdomo wake ulikuwa unasema "nisamehe" bila yeye kuutuma. Profesa hakubishana na mtu. Mbele, pale palipokuwa na mchanga mweupe, palikuwa na maji ya kijani, yametulia, mazuri kabisa.

Nahodha ndiye aliyemwona. Alikuwa amesimama pale mchanga ulipoinuka, maji kifuani, mikono ameikunja juu ya kichwa na taulo ndani yake. Hakupiga kelele. Labda alishapiga zikaisha.

Boti ikamsogelea polepole. Katibu akalala kifudifudi ukingoni akanyoosha mkono wote. "Shika, mdogo wangu. Shika."

Kitinda aliutazama ule mkono. Kisha akapiga hatua kando, maji yakamfika shingoni, akazunguka huku akijishikilia ubavuni mwa boti mpaka upande wa Nahodha, na Nahodha akamvuta ndani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Redio akamfunika kwa kila nguo iliyokuwapo.

"Mdogo wangu, sikujua..."

"Nilikuona ukigeuka," Kitinda alisema, sauti imemkauka. "Nikakupungia. Ukanitazama, halafu ukageuka tena."

Katibu alifungua mdomo aeleze habari ya jua, na ya boti nyingine. Kila neno lilikuwa kweli, na hakuna hata moja aliloweza kulitoa.

Nahodha akalichukua lile jaketi benchini, akamvalisha Kitinda mwenyewe, akafunga kamba zote tatu. Akamwonyesha pa kukaa, kando ya dada yake, ambako palikuwa wazi. Kitinda alitikisa kichwa. Akashika nguzo ya turubai, akasimama hivyo hivyo, anatetemeka, mpaka kisiwani.