Jibu Alilolichagua Damiani

Damiani alipata majibu mawili, akachagua lililompendeza. Huo ndio ukweli, mengine yote ni mapambo tu.

Mwaka jana, ofisini kwao Mfaranyaki, mjini Songea, alikuwa akipiga hesabu za daraja la waenda kwa miguu la kule Lusewa. Hesabu yenyewe ni ya kukisia na kusahihisha: kompyuta inakisia kiwango cha usalama, inajisahihisha, inakisia tena, mpaka jibu litulie mahali pamoja. Lake halikutulia. Mara linasema mbili, mara tatu na nusu, mara mbili tena, mchana kutwa! Kiwango kinachotakiwa ni tatu kwenda juu, na mkuu wake alikuwa anaidai ripoti. Damiani akaivizia tatu na nusu, ilipopita tu akaisimamisha kompyuta hapo hapo, akaandika. Mtu na digrii yake!

Ijumaa, siku moja kabla daraja halijafunguliwa, Shamimu, injinia mgeni pale ofisini, alilichukua faili la hesabu ile ajifunzie.

"Kaka Damiani, hii ilikuwa inaruka hatua ndefu mno," alisema huku anacheka. "Nimeifupishia hatua, imetulia yenyewe. Si unajua, haraka haraka haina baraka." Kisha akaacha kucheka. "Ila imetulia kwenye mbili na robo."

Masikio ya Damiani yaliwaka moto. Hakumwomba arudie hesabu. Aliona haya hata kumtazama yule binti usoni.

Alfajiri akapanda pikipiki ya ofisi. Njia nzima shetani alimnong'oneza. Watu wa Lusewa walikuwa wamepanga injinia avuke kwanza, peke yake, kwa heshima. Mtu mmoja daraja lingembeba bila wasiwasi. Angevuka, akapigiwa vigelegele, akarudi zake Songea. Lakini nyuma yake ingefuata kwaya na ngoma, watu mia mbili kwa mpigo, wanarukaruka.

Alimkuta Mama Severina, mwenyekiti wa kamati ya daraja, anakoroga togwa ya wageni kando ya mto.

"Shikamoo, mama. Watu wasipite darajani." Akamweleza yote, macho chini.

"Ulijua?"

"Sikujua, mama." Akajisahihisha. "Sikutaka kujua."

Mama Severina aliuweka mwiko chini. "Mawe ya msingi tumeyabeba kichwani miezi minne. Wengine na mimba zao."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Kusamehe kutakuja. Mimi nakwenda kukata miiba nilizibe. Wewe simama hapo mwanzoni mwa daraja, kila anayekuja umwambie kwa mdomo wako. Mimi siwaambii."

Akasimama. Laiti ardhi ingepasuka immeze, angeshukuru.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Rupert, aliyetoa kipande cha shamba lake la tumbaku ili njia ya darajani ipite. Alikuwa amevaa koti la Krismasi, na umri wake ni wa kumzaa baba yake Damiani. Alipomwona injinia, mzee alivua kofia, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, injinia," alisema, uso umejaa furaha.

Damiani aliifungua midomo aitikie marahaba, lakini akapiga magoti yote mawili kwenye vumbi.

"Hapana, babu. Shikamoo ni yangu mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Nimewadanganya."