Mlinzi wa Likizo

Kwa msusi mwaka una majira mawili tu. Shule zikifungwa, watoto wanakuja kusukwa. Zikifunguliwa, wanarudi kufumuliwa na kunyolewa. Katikati hapo ni harusi za hapa na pale, na wanawake wanaokuja kupiga soga huku wakijidai wanachagua mtindo.

Msusi huyu alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga. Kulikuwa na benchi, viti viwili vya plastiki, kioo kilichopasuka pembeni, na ndoo ya maji iliyofunikwa kwa sinia. Hakuolewa wala hakuzaa, na wateja walimpenda kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi. Ila walimwona wa ajabu kwa jambo moja. Mtoto akikaa mbele yake akasema, "Kesho tunafunga shule!" msusi hakucheka naye, wala hakumwuliza amekuwa wa ngapi. Alimwinamisha kichwa akaendelea kusuka. Siku za kufungua ndipo alipochangamka, akiimba huku ananyoa vichwa vya watoto wanaolia, mpaka mama mmoja akamwambia, "Wewe dada una roho ya jiwe. Mtoto wa mwenzio analia, wewe unaimba!"

Hakuwa na roho ya jiwe. Mambo hayo mawili, kufunga na kufungua, kwake yalikaa kichwa chini miguu juu tangu utotoni.

Mama yake alimzaa akiwa bado msichana, akamwacha kwa bibi, akaenda mjini kutafuta maisha. Huko akaolewa na dereva wa lori. Bibi alipofariki, mtoto alikuwa ndiyo kwanza meno ya mbele yameng'oka. Mama alikuja mazishini peke yake, na matanga hayajaisha akamshika mtoto mkono, wakaenda moja kwa moja mpaka shule ya bweni. Alimnunulia sanduku la bati, blanketi na ndoo. Akamwambia, "Ukisikia kengele, amka. Shule ikifungwa nitakuja kukuchukua."

Na ile mara ya kwanza alikuja kweli.

Msusi aliikumbuka siku ile kuliko siku zote za utoto wake. Tangu alfajiri walifagia bweni, wakatoa magodoro juani, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Wazazi walianza kujaa getini. Kila jina lililoitwa, mtoto mmoja alitoka mbio, sanduku likigonga miguu. Alipoitwa yeye aliangusha kiatu njiani na hakukirudia. Matroni wa bweni ndiye aliyekiokota akamtupia, huku akigomba.

Walitembea kuelekea kituoni. Walipofika kwenye kivuli cha ukuta wa duka moja, mama alisimama, akachuchumaa, akamweka sawa kola ya shati.

"Nisikilize vizuri. Tukifika nyumbani, mimi ni dada yako."

Mtoto akacheka, akidhani ni mchezo.

"Sitanii. Kuna mume wangu pale, na ndugu zake wanaingia na kutoka. Hawajui kama nilizaa kabla. Mimi ni dada, yeye ni shemeji. Umenielewa?"

"Na mtoto?" Alikuwa ameshaambiwa kwamba kuna mtoto wa kiume, anatambaa.

"Mtoto ni wa dada yako. Kwa hiyo wewe ni mama yake mdogo." Mama akatabasamu kidogo. "Umeona? Umeshakuwa mkubwa."

Akajitahidi. Alisema dada asubuhi, dada jioni, akilala analirudia neno lile moyoni kama shairi la darasani. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alimletea muwa kutoka safari. Mtoto mdogo alimzoea haraka, akawa hataki kubebwa na mwingine. Kama mambo yangeendelea hivyo, pengine angekuwa na kwao.

Adhuhuri moja wifi yake mama alikuja kutembea. Walikaa uani, wanawake wawili, wakichambua mchele na kuchambua watu. Jikoni palikuwa wazi, na maharage yalikuwa yanachemka juu ya jiko la mkaa. Yule msichana wa bweni alikuwa anatoka kuchota maji. Akamwona mtoto amefika jikoni, amejivuta mpaka penye jiko, na mkono wake umeshika kitambaa kilichokuwa kinaning'inia kwenye mpini wa sufuria.

"Mama!" akapiga kelele. "Mama, mtoto! Mama!"

Mama aliruka, akamnyakua mtoto mguu mmoja. Sufuria ikapinduka, maharage yakamwagika, jiko likazima kwa mvuke. Hakuna aliyeungua. Lakini yule wifi hakuangalia maharage wala mtoto.

"Amekuita nani huyu?"

Mama akacheka, kicheko cha juu juu. "Si unajua watoto, wifi. Marehemu aliyemlea alikuwa anamwita mama. Akishtuka ndilo linalomtoka."

"Haya," wifi akasema, akarudi kwenye ungo wake. "Ulimi hauna mfupa."

Kesho yake asubuhi mama alipanga nguo kwenye sanduku la bati. Hakugomba, hakupiga. Likizo ilikuwa bado mbichi kabisa. Walifika shuleni geti limefungwa kwa mnyororo, na mama alimwambia Matroni kwamba nyumbani kuna mgonjwa, mtoto akae tu mpaka shule zifunguliwe. Hakuja tena kumchukua, muhula ule wala mingine yote iliyofuata. Ada ililipwa, na mara moja moja utingo wa lori fulani aliacha getini sabuni na sukari, bila salamu.

Siku ya kufunga iliyofuata alibeba sanduku lake pamoja na wenzake, akalikalia barazani. Majina yaliitwa. Geti lilipungua watu kama mtungi unaovuja, mpaka akabaki yeye na kuku wa mwalimu. Matroni akatoka, mikono kiunoni. "Ingia ndani. Au unangoja nikubebe?"

Miaka iliyofuata hakulitoa sanduku nje. Wenzake wakampa jina, Mlinzi. "Haya Mlinzi, utulindie vitanda!" walimpigia kelele wakiondoka, na yeye alicheka nao na kuwapungia mkono, akabaki kwenye bweni ambalo vitanda vyake vyote vilikuwa vyuma vitupu, na akikohoa bweni zima linamjibu. Siku moja alihesabu kosa lake akaona ni neno moja tu. Aliamini kabisa kwamba amefungwa kwa sababu ya neno hilo, na kwamba siku mama atakapolisahau, atakuja.

Matroni hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimpa fagio, akampa sufuria za kusugua. Likizo zilipozidi kuwa ndefu, akampa chanuo pia, akakaa kwenye kigoda mbele yake na kusema, "Jifunzie hapa. Ukinivuta nitakuzaba." Ndiko ufundi wake ulikotokea. Na siku ya kufungua ilipofika, yeye alikuwa wa kwanza getini, amenyolewa, amefua, akipokea ndoo na masanduku ya wenzake waliokuja na macho mekundu ya kulilia kwao. Wao walilia, yeye alikuwa anarukaruka.

Miaka ikaenda. Akawa mtu mzima, akawa msusi. Yule dereva wa lori alifariki. Msusi aliitwa mazishini kama shemeji wa marehemu, akaenda kama shemeji wa marehemu. Mtoto wa kiume akakua, akafungua duka la saruji na mabati, akanenepa. Kila walipokutana alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo mama mdogo," na msusi aliitikia marahaba, akamtazama mama, na mama akatazama pembeni.

Halafu kichwa cha mama kikaanza kupotea. Mwenye duka alimleta kwa gari, na begi moja.

"Mama mdogo, nakuomba ukae naye kidogo. Mke wangu ameshindwa. Anafungulia maji anaondoka. Anaweka chumvi kwenye chai. Wewe ni damu yake, atakusikia."

Angekataa, angesema nini? Akampokea. Akamtandikia chumba cha nyuma, akawa anamwogesha, anamlisha, anamchana nywele zilizobaki nyepesi kama pamba. Mchana alimweka kwenye benchi la saluni, ambako mama alikunja na kukunjua taulo moja tangu asubuhi. Wateja walizoea kumwona. "Dada yako huyu mmefanana," mmoja alisema, "utadhani mtu na mwanawe." Msusi akajibu, "Ndiyo undugu," akachovya chanuo kwenye mafuta.

Ikafika wiki ya kufunga shule. Saluni ilijaa hadi mlangoni, watoto wakubwa wamekalisha wadogo mapajani, kelele mtindo mmoja. Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha binti mmoja alipoinua macho akaona taulo liko peke yake kwenye benchi.

Alimwacha binti nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama, akatoka mbio na chanuo mkononi. Hakwenda mbali. Mwisho wa barabara kulikuwa na shule ya msingi, na getini wazazi walikuwa wamesongamana, watoto wanatoka mbio na karatasi za matokeo. Mama yake alikuwa amesimama katikati yao. Amevaa gauni lake la kutokea, amelivaa nje ndani, na viatu viwili visivyofanana. Alikuwa anatazama uso wa kila mtoto anayepita.

"Unafanya nini hapa?" msusi akamwuliza, akihema.

"Nimekuja kumchukua mtoto. Leo si wanafunga?"

Sentensi ile msusi aliingoja akiwa na meno mapya, akaingoja mpaka kichwa chake mwenyewe kikaanza mvi.

"Mtoto gani?"

"Mwanangu. Amevaa shati jeupe."

"Wa kiume?"

"Sasa nina mwingine?" Mama akamtazama kama anamtazama mjinga.

Angeweza kuishia hapo, akamshika mkono wakarudi nyumbani. Lakini alishafika pale, na mdomo ulishafunguka. Akainama akasema kwa sauti ya chini, "Na yule wa kike? Yule uliyempeleka bweni?"

Uso wa mama ukabadilika. Akageuka kushoto, akageuka kulia, halafu akamkamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo msusi hakujua kama bado anazo.

"Shii! Polepole. Yule usimtaje hapa. Wifi yupo?"

"Hayupo."

"Yule hana neno. Matroni yuko naye."

"Anakungoja."

"Atazoea," mama akanong'ona. "Watoto wanazoea. Nikimleta, bwana ataniondoa, na huyu mdogo nitamwachia nani? Huyu ananihitaji. Yule ana akili, atazoea." Akamwachia mkono, akajipangusa machozi kwa kiganja. Kisha akanyoosha shingo tena kutafuta shati jeupe kati ya mashati meupe.

Alikataa kuondoka. Msusi alisimama naye mpaka mtoto wa mwisho akatoka, na mlinzi wa shule akaanza kuvuta geti. "Mama zangu," akasema kwa upole, "watoto wamekwisha."

Jumapili msusi akamwita mwenye duka. Alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akamweleza yote bila kupamba, kuanzia kivuli cha ukuta wa duka mpaka getini. Yule bwana alisikiliza, maji ya kunywa yamebaki mkononi.

"Mama mwenyewe alikwambia hivyo?"

"Mimi ndiye niliyezaliwa. Niambiwe na nani?"

Akaweka maji chini. Kisha akasema taratibu, "Sasa... unataka nini? Maana ile nyumba baba alishaniandikia mimi."

"Sijakuita kwa ajili ya nyumba."

"Basi tuyaache. Mama ameyaacha miaka yote hii, sisi ni nani tuyafukue?" Akasimama, akamgusa bega. "Mama mdogo, umechoka. Kumwuguza mtu si mchezo. Nitakutafutia msichana akusaidie."

Msichana hakuja, wala hakuhitajika tena. Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, msusi aliingia asubuhi na kikombe cha uji akamkuta mama amelala upande, mkono chini ya shavu, wa baridi. Aliweka uji chini. Akakaa kitandani kwa muda, akamchana nywele vizuri kwa mara ya mwisho, kabla ya kumpigia mtu yeyote simu.

Mazishini mtu mmoja mwenye sauti nzito alisoma maisha ya marehemu. Marehemu aliolewa, alipendwa na majirani, ameacha mtoto mmoja na mdogo wake mmoja. Halafu akaita, "Watoto wa marehemu wasogee waweke udongo."

Mwenye duka akasogea peke yake. Alipofika ukingoni aligeuka, akatafuta kwenye umati mpaka akamwona. Walitazamana. Midomo yake ikachezacheza. Msusi aliinua mguu mmoja. Lakini mtu wa koleo alikuwa ameshamnyooshea udongo, na yule bwana akauchukua, akautupa, akarudi nyuma.

"Ndugu wa marehemu!"

Ndipo naye akaenda. Alipomaliza, jirani mmoja alimkumbatia, akampigapiga mgongoni. "Pole, dada. Dada mkubwa ni kama mama."

"Si kama," msusi akasema. Hakupaza sauti, wala hakunong'ona. "Alikuwa mama yangu. Mama yangu mzazi."

"Ndiyo, mama. Ndiyo," jirani akasema, akamkaza zaidi. "Lia tu. Usijizuie."

Mwenye duka alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Alisikia. Alikung'uta udongo mikononi, akatazama saa yake, akaenda kupanga magari ya kurudisha watu.